Silensa Ikigoma Kushuka

Mwezi wa saba Dodoma ina asubuhi za kutia ganzi. Joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, upepo unakata nyuso kuanzia Makole hadi Kisasa, na kwenye vijiwe vya bodaboda makoti hayavuliwi mpaka jua lipande. Saa kumi na mbili na nusu pikipiki inapigwa kiki, inakohoa, inazima. Inapigwa tena, inazima. Abiria wa Mtumba anatazama saa. Dereva anainama, anachomeka bisibisi ubavuni mwa kabureta, anazungusha kiskrubu kimoja kidogo, na injini inatulia. Safari inaanza. Saa saba mchana pikipiki hiyohiyo imesimama kwenye taa, mkono wa mafuta umeachiwa kabisa, na bado inaunguruma hadi abiria wa nyuma anauliza kulikoni.

Silensa, yaani mizunguko ya injini mkono wa mafuta ukiwa umeachiwa, iko juu. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinazobeba watu na mizigo nchini, Boxer, TVS, Haojue, SanLG, Fekon na ndugu zao, injini iliyokwisha kupata moto inatakiwa kuzunguka mara 1,300 hadi 1,500 hivi kwa dakika ikiwa haijavutwa mafuta. Kipimo kamili cha pikipiki yako kimo kwenye kijitabu chake. Nyingi ya pikipiki hizi hazina saa ya kuonyesha mizunguko, lakini madukani kuna kijisaa kidogo cha bei nafuu ambacho waya wake unazungushiwa juu ya waya wa plagi, nacho kinasoma. Asiye nacho atumie sikio. Injini hizi huchoma petroli mara moja kila zikizunguka mara mbili, kwa hiyo kwenye mizunguko 1,400 kuna milipuko kama 12 kwa sekunde, na sikio lililozoea bado linaweza kusikia pigo moja moja. Ikifika 2,500, mapigo yanaungana yanakuwa mvumo mmoja.

Wengi huvumilia hali hiyo kwa wiki kadhaa kwa sababu pikipiki inatembea. Gharama yake huja taratibu. Gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Klachi inaumia. Injini isiyo na maji ya kupozea inachemka pale inaposimama, kwenye foleni au nje ya geti ikisubiri mteja, kwa kuwa haipati upepo wa mwendo. Petroli inayoungua bila safari inakula hesabu ya bosi. Na kwenye miteremko kuna hatari ya kweli: pikipiki iliyobeba magunia ikishuka milima ya Kondoa Irangi inategemea injini iishike kidogo dereva anapoachia mafuta. Injini yenye silensa ya juu haishiki, inaendelea kusukuma, na kazi yote inabaki kwa breki za dramu ambazo nazo zina joto lake.

Sasa kuhusu kile kiskrubu. Kazi yake ni moja: kinainua kidogo ile pistoni ndogo iliyo ndani ya kabureta, ili upenyo wa hewa usifunge kabisa. Hakijui lolote kuhusu ugonjwa wa pikipiki. Jeti ikiziba na injini ikawa inazima, dereva anakikaza ili iwake. Hewa ikivuja na resi zikapanda, dereva anakilegeza mpaka kinakaribia kudondoka. Mara zote mbili dalili imefunikwa na ugonjwa umebaki. Ndiyo maana pikipiki yenye silensa sugu haitibiwi kwa bisibisi hiyo. Kiskrubu hicho kiwe cha mwisho kuguswa, baada ya mengine yote kukaguliwa, na kiguswe injini ikiwa ya moto, baada ya mwendo wa dakika kumi hivi. Aliyekirekebisha alfajiri ya baridi amejiandalia resi za mchana.

Kabla ya kufungua chochote, uliza maswali. Resi zilianza kupanda lini? Baada ya sevisi? Baada ya kuanguka? Baada ya kubadilishiwa mkono wa mafuta au kufungiwa kioo kikubwa cha mbele? Kama pikipiki inakwenda kwa deiwaka siku za mapumziko, muulize naye, bila ukali, kama alichomeka bisibisi mahali popote. Fundi aliyepewa majibu hayo anaokoa saa nzima.

Kisha iwashe, iache ipate moto, isikilize. Silensa mbaya haina sura moja. Kuna inayokaa juu wakati wote, imara, bila kuyumba: hiyo mara nyingi ni jambo la kimakanika, waya umekazwa au pistoni ya kabureta haifiki chini. Kuna inayopanda ukivuta mafuta na kuchelewa kurudi, inaning'inia sekunde mbili tatu kisha inashuka: hiyo inanuka hewa inayoingia kusikotakiwa, au petroli kidogo mno kwenye njia ya silensa. Kuna inayopanda na kushuka yenyewe. Na kuna inayobadilika usukani ukigeuzwa tu.

Anza na hiyo ya usukani, maana kuipima ni bure. Pikipiki ikiwa imewaka, gia ikiwa nyutro, imesimama kwa stendi kubwa, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Resi zikipanda upande mmoja, umempata mhalifu: waya wa mafuta unavutwa. Huenda ni mfupi, huenda umepitishwa njia mbaya, umebanwa na tenki au umefungwa kwa kamba ya plastiki pamoja na nyaya za taa. Bodaboda za Dodoma hubeba vitu vingi kwenye usukani, kishikilia simu, kioo cha kuzuia upepo, mwavuli wakati wa masika, vifuniko vya mikono vya baridi ya Juni, na kila kimoja kinafungwa na mtu asiyefikiria waya umepita wapi.

Usipoona mabadiliko, pima uhuru wa waya. Shika mkono wa mafuta kwa vidole viwili, uuzungushe polepole mpaka uhisi waya umeanza kuvuta. Ukingo wa mkono huo unatakiwa kusogea kama milimita 2 hadi 6 kabla ya hapo. Ukianza kuvuta papo hapo, waya umekazwa mno. Legeza nati ya kufungia kwenye kirekebishio, rudisha, funga tena. Halafu vuta mafuta yote injini ikiwa imezimwa na uachie ghafla. Mkono unatakiwa kurudi wenyewe kwa nguvu, na kwenye kabureta usikike mlio mdogo wa chuma: tak. Ukirudi kwa uvivu, vumbi limeingia ndani ya ganda la waya, au nyuzi zake zimeanza kukatika na kujikunja. Waya uliochanika hautiwi oili. Unabadilishwa. Ni miongoni mwa vipuri rahisi kabisa kwenye pikipiki nzima, na ukikwama ukiwa umevutwa unaweza kuua.

Hili linastahili kusemwa sasa hivi. Resi zikikwama juu barabarani, bana klachi na zima injini kwa swichi ya usukani au ufunguo, ndipo ushike breki na kutoka pembeni. Injini itapiga kelele mbaya kwa sekunde moja au mbili. Wacha ipige.

Tuingie kwenye kabureta. Honda ilipotoa CG125 mwaka 1976, iliisanifu kwa ajili ya nchi ambako pikipiki inafanyishwa kazi ngumu na kupelekwa kwa fundi kwa nadra. Ikaachana na mnyororo wa kuzungusha kameshafti ya juu, ikaweka vijiti vya kusukuma valvu, vitu vichache, chuma kigumu. Viwanda vya China viliuchukua muundo huo na kuurudia kwa majina mengi, na sehemu kubwa ya pikipiki za Kichina zilizoingia Tanzania tangu miaka ya 2000 ni wajukuu wake. Faida yake ni kwamba fundi wa Kibaigwa anayeijua moja anazijua zote. Hasara yake ni kwamba kabureta zinafanana mno kwa nje, hivyo vipuri vya hii vinafungwa kwenye ile hata pale visipolingana.

Ndani ya kabureta hizo kuna pistoni ndogo ya mviringo inayopanda ukivuta mafuta na kushuka ukiachia, sindano ikiwa imening'inia katikati yake. Ubavuni ina mfereji unaokaa kwenye kijipini ndani ya kabureta. Chini, upande mmoja umekatwa kwa mshazari. Upande huo uliokatwa unatazama eya klina. Fundi mwenye haraka akiirudisha kinyume, pistoni haikai sawa, haishuki hadi chini, na pikipiki ikiwashwa inapiga resi zote tangu sekunde ya kwanza. Kama tatizo lako lilianza ulipotoka tu gereji, fungua kofia ya kabureta uangalie jambo hilo kwanza. Ndiyo sababu fundi makini, akishafunga, huvuta mafuta na kuachia mara mbili tatu akisikiliza ule mlio kabla ya kupiga kiki.

Vumbi ni habari nyingine. Nyanda hizi za kati hukaa miezi kama saba bila mvua ya maana, kuanzia Mei hadi Novemba, na kuanzia Julai upepo wa kusini mashariki unanyanyua udongo mwekundu kwenye kila njia isiyo na lami. Dereva wa Bahi au Hombolo anaujua huo udongo kwa ladha. Wapo wanaong'oa sponji ya eya klina wakiamini pikipiki inapata nguvu zaidi. Inachopata ni mchanga. Mchanga ule unakwaruza pistoni ya kabureta na kuta zake mpaka inaanza kushika njiani, na unaobaki unaendelea hadi kwenye silinda, ambako unakula ringi. Ukiitoa pistoni hiyo, ipeleke juani na uigeuzegeuze. Mikwaruzo ya juu juu yenye kung'aa inaweza kusafishwa kwa petroli na kitambaa. Mifereji unayoihisi kwa ukucha maana yake imekwisha. Sponji nayo ioshwe kwa maji na sabuni, ikamuliwe bila kuisokota, ikauke, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa tena. Ya karatasi haioshwi. Inapulizwa kwa kompresa kutoka ndani kwenda nje, na ikichoka inatupwa.

Mpaka hapa tumekuwa kwenye mambo yanayoonekana. Kinachowatesa watu wengi zaidi, na kuwafanya wanunue kabureta mpya bila sababu, ni hewa ya wizi.

Kabureta inapima hewa na petroli kwa uwiano. Ikiwepo nafasi ndogo kati yake na injini, injini inavuta hewa ya ziada ambayo kabureta haikuihesabu. Mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na petroli kidogo, resi zinapanda, zinachelewa kurudi, na mara nyingi hali huzidi injini ikipata moto kwa sababu vyuma vinatanuka na raba zinalegea. Sehemu za kuangalia si nyingi. Kuna mpira au bomba la chuma linaloshika kabureta kwenye kichwa cha injini. Kuna kile kipande kigumu cheusi kinachozuia joto, chenye gasketi au oringi pande zake. Kuna nati mbili za spana namba kumi zinazolegezwa na mtikisiko wa barabara za mawe. Na kwenye baadhi ya pikipiki kuna kijibomba kidogo chenye kofia ya mpira, au paipu nyembamba ya kunyonya hewa, ambavyo jua la Dodoma huvikausha mpaka vinapasuka. Kofia hiyo ni ndogo kuliko ncha ya kidole, na ikipasuka inatosha kupandisha resi za pikipiki nzima.

Kuitafuta hewa hiyo hakuhitaji mashine. Injini ikiwa imewaka, mwagia maji ya sabuni kidogo kidogo kwenye maungio, ukisubiri baada ya kila tone. Mahali ambapo sauti inabadilika, resi zinashuka au injini inakohoa, ndipo inapovuja. Mafundi wengine hutumia spray ya kusafishia kabureta, nayo inafanya kazi, ila inashika moto, na egzosi yenye joto iko karibu sana. Petroli isitumike kabisa kwa kazi hii. Njia ya tatu inafaa hasa vijijini: paka grisi nzito kuzunguka ungio lote. Grisi inafunga mwanya kwa muda. Resi zikitulia, umepata jibu bila kufungua nati hata moja. Kazi hii ifanyike nje, penye hewa, kwa sababu moshi wa injini una sumu isiyo na harufu.

Ukikuta panavuja, silika ya kwanza ni kukaza nati kwa nguvu zote. Polepole. Kukaza kupita kiasi ndiko kunakopinda lile bapa la kabureta, kwa kuwa nati ziko pembeni na katikati hakuna kinachosukuma. Bapa likipinda, gasketi mpya haitasaidia. Toa kabureta, weka rula ya chuma juu ya bapa, utazame dhidi ya mwanga. Ukiona mstari wa mwanga katikati, limepinda. Weka msasa laini juu ya kioo cha dirisha, ulisugue kwa mizunguko mipole mpaka alama za kusuguliwa zienee bapa zima. Lioshe, vumbi la msasa lisibaki, oringi mpya, nati zikazwe kwa zamu, moja kidogo, nyingine kidogo. Kazi ya nusu saa. Silikoni ya kubandikia inayopakwa na mafundi wengi mahali pa gasketi ni mbaya, maana petroli huilainisha na vipande vyake huishia kwenye injini.

Plagi itathibitisha. Ifungue baada ya safari, injini ikiwa imezimwa lakini bado ina moto. Ncha nyeupe au ya kijivu kilichopauka inasema hewa nyingi. Nyeusi yenye masizi makavu inasema petroli nyingi. Ya kahawia iko sawa.

Kama hakuna panapovuja na plagi bado ni nyeupe, geukia njia ya petroli ya silensa. Ndani ya bakuli la kabureta kuna jeti mbili. Kubwa hulisha injini ikienda kasi. Ndogo hulisha silensa, na tundu lake halifiki nusu milimita. Punje moja ya uchafu inaliziba. Uchafu huo unatoka wapi? Ndani ya tenki lenye kutu, na kwenye chupa. Nje ya miji, ambako kituo cha mafuta kiko mbali, petroli inauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa zilizopangwa juu ya meza kando ya barabara, zimekaa juani, zimefunguliwa na kufungwa mara kadhaa, na hakuna ajuaye ndani yake kuna nini zaidi. Uchakachuaji wa mafuta ulikuwa mkubwa kiasi kwamba EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, ili petroli iliyochanganywa, hasa na mafuta ya taa, iweze kutambulika. Vinasaba vinapimwa kwenye vituo. Chupa ya mezani inabaki kwa imani ya mnunuzi. Anayelazimika kununua huko aimimine kupitia kitambaa safi na aache kijiko cha mwisho kwenye chupa.

Jeti ndogo isafishwe kwa hewa ya kompresa na spray. Wengi huizibua kwa waya wa breki au sindano ya kushonea. Shaba ya jeti ni laini, chuma ni kigumu, na tundu likipanuliwa kidogo tu pikipiki itakunywa petroli maisha yake yote. Kama hapana budi, chukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Inua jeti juu, iangalie dhidi ya anga: tundu liwe duara kamili lenye mwanga.

Kiskrubu cha mchanganyiko nacho kina adabu yake. Kikiwa upande wa injini kutoka kwenye pistoni ya kabureta, kinapima petroli, na ukikilegeza unaongeza petroli. Kikiwa upande wa eya klina, kinapima hewa, na ukikilegeza unapunguza petroli. Kuchanganya hivi viwili kumewapoteza mafundi wazoefu. Kikaze taratibu mpaka kiguse, usikilazimishe, kisha kirudishe mzunguko mmoja na nusu hadi miwili na nusu. Hapo ndipo pa kuanzia. Injini ikiwa ya moto, kizungushe robo kwa robo mpaka upate mahali ambapo inazunguka kwa wepesi na utulivu zaidi, ndipo ushushe silensa kwa kile kiskrubu tulichokiacha mwanzo.

Hapa Dodoma ina jambo lake. Mji uko mita zipatazo 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina msukumo mdogo kuliko ya Dar es Salaam kwa takribani sehemu moja ya nane. Tangu serikali ilipohamia kwa kasi baada ya 2016, pikipiki nyingi zimepanda kutoka pwani juu ya malori na mabasi zikiwa na kabureta iliyowekwa sawa kwa hewa ya huko. Zikifika zinapata petroli nyingi kidogo kuliko inayohitajika kwa hewa hiyo, silensa inashuka, mwenyewe anaikaza. Siku akiirudisha pikipiki Morogoro au Dar, resi ziko juu na hajui kwa nini. Huo si ugonjwa. Ni marekebisho ya dakika tano, injini ikiwa ya moto, kila inapobadilisha makazi.

Choki haina hadithi ndefu: hakikisha kijiti chake kimerudi mwisho. Kwenye waya wa choki uliokauka kinaonekana kimerudi huku ndani kimeshika nusu. Harufu ya petroli, moshi mweusi na plagi yenye masizi vitakueleza.

Valvu na umeme vinakuja mwisho kwa sababu si kawaida yake kupandisha silensa moja kwa moja. Valvu zilizokazwa mno hufanya injini ishindwe kutulia chini, na mwenyewe akafidia kwa kiskrubu. Zipimwe kwa fila geji injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha. Nyingi ya injini hizi hutaka nafasi kati ya milimita 0.05 na 0.10, na kijitabu ndicho chenye neno la mwisho. CDI ya bei rahisi isiyo ya pikipiki yako inaweza kuchoma mapema kuliko inavyotakiwa na kupandisha resi. Kama tatizo lilikuja siku ilipobadilishwa, rudisha ya zamani kwa jaribio.

Pikipiki za injeksheni, ambazo zimeanza kuonekana zaidi mjini, hazina kiskrubu cha mchanganyiko cha kuchezea, na hiyo ni rehema. Waya, eya klina na hewa ya wizi vinakaguliwa vilevile. Zaidi ya hapo kuna sensa na kivalvu cha silensa vinavyohitaji mashine ya kusomea, na kupulizia spray ovyo kwenye tundu la hewa kunaweza kuharibu zaidi ya kutengeneza.

Ikiwa yote yamefanyika na kabureta kweli imekwisha, soma namba iliyochongwa ubavuni kabla ya kwenda dukani. PZ27 ni ya kawaida kwenye injini za cc 125 na 150 za ukoo wa CG, na PZ30 kwenye za 200. Muuzaji akisema zote ni sawa, mwambie akutolee nyingine. Chukua ya zamani mkononi, linganisha upana wa mdomo, umbali wa matundu ya bolti, upande kilipo kiskrubu cha mchanganyiko, na namba ndogo zilizochongwa kwenye jeti. Jeti ya zamani ikiwa nzima na namba zikitofautiana, hamisha ya zamani uiweke kwenye kabureta mpya. Kabureta nyingi hutoka kwenye boksi zikiwa na vumbi la kiwandani ndani ya bakuli, kwa hiyo ifungue na kuipuliza hapohapo kabla haijafungwa kwenye pikipiki.